Nguo hurudi ilikotoka

Gauni la sare ya harusi ya mdogo wangu nililifua kwa mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya sherehe. Lilikuwa la kitenge cha pamba, yadi nne, kijani chenye duara za njano, na kitambaa chake kilitoka dukani Kariakoo kikiwa kigumu kwa wanga kiasi kwamba ukikikunja kinatoa mlio. Nililoweka asubuhi, nikafikicha, nikaanika. Jioni nilipolijaribu, zipu iligoma katikati ya mgongo, na pindo ambalo siku ya harusi lilikuwa likigusa viatu lilikuwa limepanda juu ya vifundo.

Nikalikunja nikaenda nalo kwa fundi wangu, mzee mwenye cherehani kwenye baraza la duka la dawa hapa Buguruni. Yuko hapo tangu kabla mimi sijahamia mtaa huu. Nikamwamkia, akaitikia, akalishika gauni kwa vidole viwili bila hata kulifungua lote.

"Kitenge kimerudi hiki, mwanangu."

"Kimerudi wapi, mzee?"

"Kwao. Ulikiloweka kabla ya kuniletea?"

Sikukiloweka. Harusi ilikuwa Jumamosi, kitenge nilikipata Jumatano, na sikujua kwamba kitambaa cha pamba kinapaswa kulala kwenye maji usiku mmoja na kukauka kabla mkasi haujakigusa. Fundi alifungua mishono ya pembeni, akatoa akiba ya kitambaa aliyokuwa ameiacha ndani, akaniongezea vidole viwili kila upande. Urefu haukuwa na dawa.

Lile neno lilinikaa. Kurudi. Tunalisema kila siku, nguo imerudi, sare imerudi, shuka limerudi, wala hatulisikilizi. Nimekuja kulielewa baada ya miaka minne ya kuchemsha nguo jikoni kwangu ili zinikae, na sasa naona mtu akilishika neno hilo vizuri ameshapata nusu ya maarifa anayoyahitaji.

Uzi wa pamba kiwandani huvutwa. Huvutwa ukisokotwa, huvutwa tena kwenye mtambo wa kufumia, na kitambaa kikishapakwa rangi hukaushwa kikiwa kimekazwa ili kitoke kimenyooka. Kwa hiyo kile unachokinunua kimekamatwa katika urefu ambao si wake. Ukikitia majini, nyuzi zinakunywa maji, zinanenepa, zinaachia ule mvuto na kujikusanya. Maji ya moto yanaharakisha kazi hiyo tu. Kitambaa kinarudi kwenye urefu wake wa asili, na kikishafika hapo kimefika. Unaweza kukichemsha hadi mtungi wa gesi uishe, hakitaenda mbele zaidi ya hapo.

Hilo la mwisho nililijua kwa hasara, na lilianzia Karume.

Mimi ni mtu wa mwili mdogo, kilo 49 nikiwa nimeshiba. Kwenye soko la mitumba la Karume belo zikifunguliwa asubuhi, nguo ndogo na nzuri huondoka kwanza, maana wale wa kupointi, wanaochagua nguo bora mapema, wameshasimama hapo wakisubiri kamba zikatwe. Ukifika saa nane mchana, kilichobaki mezani ni L, XL na zaidi ya hapo, na ndipo bei inaposhuka na muuzaji anapanda juu ya meza: "Buku, buku, chagua kwa buku!" Nguo zangu nyingi ni za saa nane. Baada ya mkasa wa gauni nikawaza: ikiwa kitambaa kinaweza kurudi bila mimi kutaka, kwa nini nisikirudishe kwa makusudi?

Nilinunua fulana tatu za pamba tupu, zote L. Nilizipima kwa tepu niliyoazima kwa fundi, nikaandika vipimo kwenye daftari la mahesabu ya nyumbani. Daftari hilo ninalo hadi leo. Fulana ya kwanza, yenye maandishi ya mashindano ya mbio ya mji fulani wa Marekani, ilikuwa na urefu wa sentimita 76. Nikaichemsha nusu saa. Ikatoka na 75. Nikaichemsha tena, 75. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, ambayo bado ilikuwa na kikaratasi cha bei cha dukani kimening'inia kwapani, ilitoka 74 ikaenda 69 kwa mchemsho mmoja, na upana ukapungua kutoka 56 hadi 54.

Jibu nililipata nikiwa nimeziweka zote tatu kitandani. Mbili za kwanza zilikuwa zimevaliwa miaka, zikafuliwa kwa mashine na kukaushwa kwa mashine ya hewa ya moto kama wafanyavyo wengi huko zilikotoka. Zilisharudi zamani, kabla hazijapanda meli. Ile ya tatu ilikuwa haijaguswa na maji hata mara moja. Pamba hutoa karibu kila ilichonacho katika kufuliwa kwa mara tatu nne za mwanzo. Tangu siku ile, nikiwa mezani Karume, natazama shingo na makwapa kwanza. Fulana iliyolegea shingoni na kulainika kama kitambaa cha mtoto haina safari iliyobaki. Ile ambayo bado inakwaruza vidole kidogo, hiyo ina pa kurudi.

Tena ona namna vipimo vilivyoshuka: urefu ulipungua zaidi ya upana. Ndivyo ilivyo kwa nguo nyingi, kwa sababu kiwandani kitambaa huvutwa zaidi kwa urefu wake. Kwa hiyo fulana pana inayokufika mapajani ukiichemsha itapanda kuelekea kiunoni, na upana utabaki karibu uleule. Mtu anayetaka kupunguza mabega asichemshe. Mabega ni kazi ya fundi, shilingi elfu tatu hapa mtaani, na baada ya kupiga hesabu ya gesi naona ni bei ya haki.

Kuna na viwanda vinavyokirudisha kitambaa kabla hakijakatwa. Mmarekani mmoja, Sanford Cluett, alipata hataza ya kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930: kitambaa hulowanishwa, kikabanwa juu ya mkanda mnene unaovutika, na mkanda unapolegea unakikusanya pamoja nao. Jina lake la kwanza ndilo lililozaa neno Sanforized linaloonekana kwenye lebo za nguo za kazi za zamani. Ukilikuta, weka sufuria kabatini. Kuna na suruali za kinyume chake, kama zile Levi's 501 zinazouzwa hazijarudishwa kabisa, mnunuzi akiambiwa achukue saizi kubwa kuliko yake kisha aache maji yafanye kazi.

Nikipata fulana au shati la pamba lenye pa kurudi, nafanya hivi. Nalipima kwanza, urefu kutoka begani na upana chini ya makwapa, kwa sababu jicho linadanganya sana. Nageuza ndani nje. Nachemsha maji kwenye sufuria kubwa, lile la pilau, yakitokota nazima moto ndipo nazamisha nguo na kuisukuma kwa mwiko hadi hewa yote itoke. Nafunika, naondoka. Nikirudi maji yakiwa ya kuvumilika kwa mkono, naikamua kwa kuibana, siisokoti. Zamani nilikuwa nachemsha juu ya moto muda wote, nikajikuta natoa rangi kuliko kitu kingine. Maji yanageuka kama chai na nguo inachuja. Chumvi niliyoambiwa itashika rangi haikushika chochote katika nguo zangu.

Baada ya hapo inakuja hatua iliyonigharimu majaribio mengi kuliko zote, nayo ni kuanika. Mwanzoni nilikuwa natoa fulana kwenye sufuria ikiwa imerudi vizuri, naitundika kwenye kamba kwa vibanio, na jioni naikuta ndefu tena. Nilidhani tepu ni mbovu. Fulana imefumwa kwa vitanzi vidogo vinavyoshikana, na ikiwa imelowa ni nzito. Ukiitundika, uzito wa maji unavivuta vile vitanzi kuelekea chini saa nne nzima. Yaani unarudisha kwa moto kisha unavuta kwa maji. Sasa natandaza mkeka juani, juu ya zege la uani, naiweka fulana imelala, naikusanya kwa viganja kuelekea katikati, nusu sentimita hapa, nusu pale, kama anayesawazisha unga kwenye ungo. Jua la Dar saa sita mchana halihitaji mashine. Inakauka ilivyolala.

Shati la kola ni habari nyingine. Niliwahi kuchemsha shati zuri jeupe la kiume, la pamba nzito, nilitaka kulivaa kazini na sketi. Kitambaa kilirudi, lakini uzi wa kushonea ulikuwa wa poliesta, na uzi huo haukurudi, basi kila mshono ukajikunja ukawa kama marinda madogo. Na ndani ya kola mlikuwa na stifu, kile kitambaa cha kuikaza kola, iliyogandishwa kwa gundi. Gundi ikaachia, kola ikavimba malengelenge. Hakuna pasi iliyoweza kuyatoa. Fulana zenye maandishi ya plastiki kifuani nazo hupasuka maandishi. Siku hizi shati la kola nalipeleka moja kwa moja barazani kwa mzee.

Suruali ya jinzi inataka usome lebo. Pamba asilimia 100 inarudi vizuri, hasa miguuni. Nilipata moja iliyopungua sentimita tatu za urefu na kunibana nyonga nilivyotaka. Lakini nyingi za miaka hii zina asilimia moja au mbili za zile nyuzi zinazovutika kama mpira, zinazoandikwa elasteni au spandeksi. Ukizitoa kwenye maji ya moto zinabana, unafurahi, unavaa asubuhi, na kufika saa nane mchana magoti yameshachomoza na kiuno kimelegea. Ukizidi kuchemsha, ule mpira unakufa kabisa na suruali haibani tena hadi inachakaa. Nina moja ya namna hiyo, naivaa nikisafisha nyumba.

Na kuna nguo ambazo hazirudi. Wazazi wananiuliza sana kuhusu sketi na mashati ya shule, maana tunanunua makubwa ili mtoto ayakulie, na mtoto anaingia kidato cha kwanza akiwa amemezwa na nguo. Tetroni hairudi. Ni poliesta, au poliesta iliyochanganywa na pamba kidogo, na poliesta hainywi maji kama pamba, kwa hiyo maji hayana cha kuiambia. Kinachoibadilisha ni joto peke yake. Kiwandani hupitishwa kwenye joto kali likaifunga umbo lake, na ndiyo maana marinda ya sketi ya sekondari hukaa miaka minne bila kulegea: yalifungwa kwa joto. Ukiichemsha nyumbani huipunguzi kwa kiasi cha maana, ila unaweza kuitia mikunjo ambayo nayo itafungwa hapohapo, kwa sababu kwenye nyuzi joto 70 na kitu hivi poliesta huanza kulainika, na ikipoa ikiwa imekunjwa inabaki imekunjwa. Ukiikandamiza kwa pasi kali zaidi, inang'aa, kisha inayeyuka. Kwa sketi ya mpwa wangu tulikunja kiuno ndani na pindo mara mbili, tukashona kwa mkono ili kila mwaka tufungue kidogo. Maji ya moto hayakuhitajika.

Viskosi ndiyo inayodanganya. Nilikuwa na dera laini la maua la kitambaa hicho, linalomwagika kama maji, refu mno, linaburuza. Nililitia maji ya moto nikitarajia lipande kidogo. Viskosi hutengenezwa kwa miti iliyosagwa na kuyeyushwa, na ikilowa huvimba na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Dera lilirudi vidole vinne kwa urefu, hilo nilitaka, lakini nililikamua kwa nguvu kama ninavyokamua kanga, likachanika begani mikononi mwangu bila hata sauti. Nililolipata baadaye nililoweka tu kwenye maji vuguvugu, nikalibana katikati ya taulo, nikalilaza. Lilirudi vilevile, na bado ninalo. Hariri nimeigusa mara moja tu, kitambaa cha kichwani, ikapoteza ule mng'ao wake wote, sijairudia.

Sasa nifike kwenye sweta la mama, maana bila hilo nisingeandika haya.

Mama yangu anaishi Njombe. Asiyewahi kufika kule mwezi wa Juni hawezi kuamini kwamba ni Tanzania hii hii. Mji uko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukipumua unaona pumzi yako. Mama alikuwa na sweta la bluu ya kiza, la sufu tupu, ambalo mjomba alimletea kutoka Uingereza alipokuwa masomoni, kabla mimi sijaanza shule. Amelivaa mashambani, kanisani, hospitalini. Mwaka ule alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, amepungua sana, na sweta lilikuwa likimning'inia, mikono ikimfunika vidole. Alikuwa akiikunja mara tatu ili aweze kumenya viazi.

Mimi nilikuwa nimeshazoea fulana zangu. Nikamwambia, "Mama, niachie, nitalirudisha likukae." Akavua akanipa. Akajifunga kanga mbili mabegani, akakaa karibu na moto.

Nilichemsha maji kwa kuni. Nikalizamisha. Halikuonekana kubadilika, basi nikachukua sabuni ya mche nikalifikicha, kifua, mgongo, mikono, kwa nguvu, kama nifanyavyo kwa shuka. Kisha nikalisuuza kwa maji ya bomba, na maji ya bomba ya Njombe mwezi wa Juni yanauma mifupa. Nikarudia. Nikaanza kuhisi linakuwa zito na nene mikononi. Vile vitanzi vya kufumwa, vilivyokuwa vinaonekana kimoja kimoja, vikaanza kupotea. Kitambaa kikawa kitu kimoja, kama blanketi la farasi. Nilipolinyanyua, mikono ilikuwa imefupika hadi nusu na kuwa migumu. Nilivuta. Nilikanyaga upande mmoja na kuvuta mwingine. Halikwenda.

Mama alitoka akasimama mlangoni. Hakunigombeza. Aliliona, akalichukua, akaenda kulitundika mwenyewe kwenye kamba, akalinyoosha kola kwa vidole kama alivyokuwa akifanya miaka yote, kisha akarudi ndani. Usiku ule alilala na kanga na blanketi. Nami sikulala.

Nilichokifanya nilikijua baadaye. Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Maji ya moto na sabuni kali huyafungua, na ukifikicha, nywele hutambaa upande mmoja tu, magamba yakashikana, na kila unavyozidi kufikicha ndivyo yanavyozidi kukabana. Kuhama ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi nako kunaongeza. Hapa neno letu halifai. Pamba hurudi, sufu haikuwa imerudi popote, ilikuwa imejifunga, na iliyojifunga hivyo haifunguki. Wafugaji wa Mongolia hufanya jambo hilo kwa makusudi na ndilo linalowapa malighafi nene ya kufunikia mahema yao. Wao wanajua wanatengeneza nini.

Dada mmoja wa saluni, nilipomsimulia, aliniambia nijaribu kondishona, kwa kuwa ni nywele. Nilimtumia mdogo wangu fedha akanunua chupa mbili kule Njombe, akaloweka sweta nusu saa kwenye maji vuguvugu, akalivuta polepole juu ya taulo. Upana uliongezeka vidole viwili. Mikono haikusogea. Kwa sweta lililojifunga kidogo nimeona inasaidia kweli; lile lilikuwa limepita hapo. Mama alikata mikono, akapinda makwapa kwa sindano ya mkono, akamvalisha mjukuu wake wa miaka mitano kama kizibao. Kila nikienda namkuta nalo.

Niliporudi Dar nilikwenda barazani kwa fundi na kumweleza yote. Alinisikiliza huku akivuta kanyagio, kisha akasimamisha cherehani.

"Uliuliza uzi wake kabla hujaupa maji?"

"Nauulizaje, mzee? Lebo ilishafutika."

Akachukua kiberiti. Kwenye droo ya cherehani yake ana mabaki ya kila aina, na siku ile alinionyesha moja baada ya jingine. Alichomoa uzi wa kitenge, akaubana kwa kibano, akauwasha: ukawaka haraka kwa mwali wa njano, ukanuka karatasi, ukaacha majivu mepesi ya kijivu yaliyopeperuka alipopumua. Akachomoa uzi wa tetroni: haukuwaka hivyo, ulijikunyata kuukimbia moto, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, na mwisho ukabaki kipunje kigumu cheusi ambacho sikuweza kukivunja kwa ukucha. Akachomoa uzi kwenye kipande cha koti la zamani: ukawaka kwa kusitasita, ukazimika wenyewe moto ulipoondolewa, na harufu ilikuwa ya nywele zilizoungua. Kipunje chake kilisagika kwenye vidole kuwa unga. "Hiyo ndiyo sufu," akasema. "Hariri inanuka hivyohivyo. Ukisikia nywele, weka maji ya moto mbali."

Sasa nafanya hivyo kabla ya chochote, uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, juu ya sahani ya bati, ndoo ya maji ikiwa pembeni na watoto wakiwa mbali. Nguo zilizochanganywa huwa zinachanganya na majibu pia: zinanuka karatasi na bado zinaacha kipunje. Hizo nazichukulia kuwa hazirudi, na sijajuta. Masweta mengi ya mitumba yanayofanana na sufu ni akriliki, na hayo maji ya moto yanayalegeza badala ya kuyabana. Yanatoka marefu na mepesi kama yamekata tamaa.

Nilinunua pia masweta matatu ya sufu ya bei ya chini, yaliyotoboka, kwa ajili ya kujifunza tu. Niligundua unaweza kuipunguza sufu kidogo ukiwa na subira: maji vuguvugu, sabuni kidogo ya maji, unabana mara kumi hivi bila kufikicha, unatoa, unapima, unarudia. Kwa dakika nyingi hakuna kinachotokea, kisha kinatokea kwa mkupuo. La kwanza lilinipita. La pili lilipungua sentimita mbili nilizozitaka, na nilivyoona vitanzi vinaanza kufifia niliacha papo hapo. Kwa hiyo inawezekana. Lakini sweta la mtu mwingine sitaligusa hivyo tena, hata akiniomba, labda liwe tayari la kutupwa.

Mwezi wa Aprili mwaka jana nilikaa Karume tangu asubuhi, si saa nane, nikapata sweta la sufu, bluu, karibu na rangi ile. M. Kwa mama bado lilikuwa kubwa mbavuni. Nilichoma uzi wake usiku ule, nikasikia nywele. Nililipeleka kwa fundi, naye akanielekeza kwa kijana mwenye ovaloki mtaa wa pili, kwa sababu sweta ukilikata kwa mkasi mtupu linafumuka, lakini ovaloki inashona, inakata na kufunga ukingo kwa pamoja. Nilimpa vipimo vya mama nilivyovichukua kwa simu, mdogo wangu akimzungushia tepu huku mama akiuliza ni za nini. Alichukua sentimita nne kila ubavu, akapunguza na mkono. Nililifua kwa maji ya baridi, nikalilaza kwenye taulo siku mbili, nikalikunja kwenye mfuko, nikalipeleka kwenye basi la Njombe.

Mama alipiga simu kesho yake jioni. Alianza na salamu za majirani, na mahindi, na kwamba baridi imewahi mwaka huu. Kisha akasema, "Limenikaa. Hata mikono sijakunja."